Kijiti Hakumzika Bibi

Siku walipomchukua mdogo wangu, shati lake la shule lilikuwa bado limelowekwa kwenye beseni. Nililifua, nikalianika. Jioni nililianua, nikalikunja, nikaliweka kitandani pake. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo.

Sisi ni madobi. Baba anafua na kupiga pasi nguo za watu, nami namsaidia. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyetulea. Yeye ndiye aliyempa mdogo wangu jina la Kijiti, kwa wembamba wake.

Kijiti alikuwa akipeleka nguo kwa wateja. Kwa hiyo alijua nani yuko nyumbani na nani amesafiri. Rafiki zake wawili wakamshawishi. Wakaingia nyumbani kwa mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, wakaiba redio na pasi. Walikamatwa kabla hawajaviuza.

Mahakama ilimpeleka Kijiti shule ya maadilisho. Huko hupelekwa watoto waliovunja sheria, ili wasome, wafunzwe kazi na wabadilike. Wazazi wanaruhusiwa kuwatembelea Jumapili.

"Asiendewe na mtu," Baba alisema. "Dobi anaachiwa nguo na watu, na hela zao zimo mifukoni. Huyu amenivunjia jina. Akae peke yake mpaka nidhamu imwingie."

"Mwanangu, ni mtoto yule," Bibi alisema.

"Mama, samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje basi. Usimvunje. Samaki aliyevunjika anabaki miiba tu."

Baba alicheka kidogo, lakini hakulegeza.

Bibi hakuweza kusafiri peke yake. Magoti yalikuwa yamechoka. Kila Jumapili alivaa viatu akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Unakwenda wapi, Mama?" Baba aliuliza.

"Popote utakaponipeleka."

"Leo sitoki."

"Haya. Viatu havili chakula. Nitakaa navyo."

Jioni alivivua mwenyewe. Hakugombana. Wiki iliyofuata alivivaa tena.

Kisha Bibi akaugua kifua. Hakuugua sana. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka.

Siku hiyo hiyo afisa wa ustawi wa jamii alikuja kwetu. Ni mama wa makamo, ndiye anayefuatilia watoto wa shule ile. Alitupa pole, akakaa na wanawake kidogo, kisha akamwita Baba pembeni. Mimi nilikuwa karibu.

"Kaka, mkuu wa shule amekubali. Kesho nitamleta Kijiti azike, kisha nimrudishe. Nakuomba neno lako tu."

"Hapana, dada."

"Ni bibi yake. Ndiye aliyemlea."

"Kesho wateja wangu wote watakuwa hapa. Huyo mwalimu atakuwa hapa. Mwizi asimame mbele yao amlilie mama yangu? Akikosa mazishi, atajua wizi una bei."

"Bei ameshapangiwa na mahakama, kaka. Fikiri tena. Jambo hili halina kesho ya pili."

Baba alitikisa kichwa. Tukamzika Bibi bila Kijiti.

Baada ya hapo habari za shuleni zikawa mbaya. Mwanzo Kijiti alikuwa anasoma vizuri na kujifunza kushona. Sasa aliacha cherehani. Alipigana. Alijaribu kuruka ukuta. Afisa alipokuja kutuambia, Baba hakuinua macho kwenye meza ya pasi.

"Unaona? Bado hajanyooka. Waongeze fimbo."

Afisa alivuta kigoda akakaa. Kando yake palikuwa na shuka jeupe lenye doa la damu.

"Hili unalitoaje?"

"Maji baridi."

"Si bora ya moto? Moto una nguvu."

"Nguvu ya nini?" Baba alisema kwa kukereka. "Ukiweka ya moto, damu inapikwa. Inashika uzi moja kwa moja. Ukisugua sana unatoboa shuka, na doa lipo."

"Kwa hiyo unaliacha tu?"

"Nani kasema naliacha? Naloweka, natia sabuni, narudia. Mpaka litoke." Kisha akasema, "Mwanangu si shuka, dada."

"Si shuka. Shuka halikuulizi mbona hukuja."

Baba aliweka pasi chini.

"Sikuambii umdekeze," afisa alisema. "Kule shuleni wanaamka alfajiri. Aliyeharibu anatengeneza, aliyekosea anaomba radhi. Hiyo ni nidhamu, na lazima iwepo. Lakini mtoto anaivumilia nidhamu akijua kuna watu wanaomngoja nje. Akiona hana mtu, atanyooka kwa ajili ya nani? Wako watu wengi huku nje wanaowapokea watoto waliokataliwa kwao. Huwapokea kwa mikono miwili, na huwapa kazi usiku huo huo."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda. Mwambie ukweli. Akitoka mpe kazi na masharti, na masharti hayo mweleze mapema. Na aende mwenyewe kwa yule mwalimu."

Jumapili tulikwenda, Baba na mimi. Tulikaa kwenye benchi katika chumba kikubwa chenye madirisha ya juu. Kijiti aliletwa. Alikuwa amenyolewa, na amerefuka. Alinikumbatia mimi. Baba alimpa mkono tu.

"Bibi alinikasirikia mpaka mwisho?" aliniuliza.

Nilimtazama Baba.

"Hakukukasirikia," Baba alisema. "Kila Jumapili alitaka kuja. Mimi ndiye niliyekataa."

"Na kuzika?"

"Nako nilikataa mimi."

"Kwa nini, Baba?"

"Nilidhani nakufunza."

Kijiti alitazama mikono yake.

"Nimejifunza," alisema.

Baba alifunika uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, maana hata mazishini hakulia. Alisema, "Nisamehe, mwanangu." Kijiti hakusema amesamehe. Ila muda ulipokwisha aliuliza, "Jumapili ijayo mtakuja?"

Tulikwenda Jumapili ile na zilizofuata. Kijiti alirudi kwenye cherehani. Alipotoka, Baba alimpeleka mpaka mlangoni kwa mwalimu, akasimama nyuma yake. Mwalimu alimsema vikali, na Kijiti hakubisha. Wakakubaliana amfulie nguo bure mpaka mwisho wa muhula. Alizifua zote.

Nyumbani ana masharti. Aage anapotoka, arudi kabla ya giza. Mara moja alichelewa. Baba alisimama, mkono ukapanda, kisha ukashuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Kaburini kwa Bibi. Nilikuwa napalilia. Nilisahau kuaga."

"Kesho utapiga pasi mashuka yote, peke yako. Na siku nyingine aga."

"Sawa, Baba."

Alipiga pasi mashuka yote.

Kati ya wateja waliotuacha baada ya wizi, wawili hawajarudi kwetu. Wengine wamerudi, na Kijiti ndiye anayewapelekea nguo. Asubuhi yeye na Baba husimama kwenye meza moja, wakiongea habari za kola na mikunjo. Kuhusu mazishi hawajaongea tena.