Kigango cha Pango la Chumvi

Mchuzi haukuwa na chumvi. Fauzia aliapa kwamba alitia, akatia tena mbele ya macho ya mumewe, akakoroga, akaonja: tui tupu. Swabir akachovya kidole kwenye kopo lenyewe la chumvi, akakilamba. Ilikuwa kama kulamba chokaa.

"Wenye maduka wa siku hizi, wallahi!" akasema, akacheka, akala mchuzi wake vivyo hivyo. Lau angejua, asingecheka.

Huyu Swabir alikuwa na mdomo, jamani! Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni wa mahoteli ya Diani katika Pango la Chumvi, upande wa Msambweni, na mdomo ndio uliomlisha. Akishawasha taa, huwasimulia: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanajeshi mmoja Mzungu alipora vigango huko bara ya Kinango, ile miti ya kuchongwa ambayo Waduruma huwasimamishia wazee wao waliokufa. Akavificha humu pangoni, akavifukia kwa chumvi mchwa wasivile. Vita vilipokwisha akavipeleka kwao Ulaya. Kimoja tu kilisahaulika, hiki hapa, chenye uso wa duara na macho yaliyotoboka.

"Na aliyeving'oa makaburini akavibeba ni nani?" Hapo Swabir hujipiga begani. "Babu yangu, Kibwana! Bega kama hili! Nami ndimi mjukuu wake, na nyumba yangu ni ile pale juu."

Wageni hupiga makofi. Kisha Swabir humkwangulia kila mmoja chumvi kidogo ya kumbukumbu, pale pale miguuni pa kigango, hata ukabaki mwamba mtupu. Hebu fikiria ujinga huo! Adui yako amefungwa chumbani, nawe kila siku unakwenda kumtajia jina lako, unamwonyesha unakolala, na ukiondoka unamlegezea komeo.

Baada ya chumvi kufa ladha ikaja harufu, ya ukungu na mti uliolowa, chumba hadi chumba. Kisha sauti, mchana kweupe, ya kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Fauzia akasoma Ayatul Kursi hadi koo likakauka. Swabir akasema ni panya.

Alhamisi moja Yusra, mtoto wao wa pekee, alirudi kutoka madrasa akasimama katikati ya ua. Fauzia alimwita, hakuitika, akadhani ni mchezo. Akamvuta mkono, mkono haukukunjika, akamkumbatia amlaze, mwili ulikuwa mgumu kama nguzo ya nyumba, akainua buibui lake amtazame miguu, akaona njia nyembamba ya udongo mbichi imeanzia kisiginoni ikapanda hadi gotini, na ndani ya udongo ule mchwa wanapanda na kushuka, nao mtoto macho wazi, hapepesi, hata chozi hana.

"Baba Yusra! Baba Yusra, mwanangu analiwa!"

Swabir aliupangusa udongo ule kwa viganja vyake. Kabla hajainuka, ulikuwa umejengwa tena.

Ndipo akaitwa Mama Kadzo, mganga Mduruma aliyekaa Kombani, akaja mbio kwa bodaboda.

"Shikamoo, mama," Swabir akasema.

"Marahaba." Hakumtazama. Alimtazama mtoto. "Chumvi ya nyumba hii ina ladha?" akanong'ona.

"Haina, mama."

"Ameiua kwanza, ndipo akaingia. Chumvi ndiyo iliyomfunga miaka yote hiyo. Nani aliyeiondoa?"

"Mimi, mama. Nawakwangulia wageni, miguuni pa kigango cha pangoni." Mama Kadzo akafukiza ubani, akanena kwa Kiduruma, taratibu, kwa adabu, kama mtu abishaye hodi kwa mkubwa. Moshi ukalala chini. Midomo ya Yusra haikutikisika, lakini sauti nzito ya mwanamume ikatoka kifuani mwake.

"Mjukuu wa Kibwana. Babu yako alinibeba akiimba. Wanangu wakaja kunimwagia tembo la mnazi, wakakuta shimo. Nami nimesimama gizani, nachekwa. Nirudishe kwangu. Na nyumba yako itoe mmoja asimame, kama nilivyosimamishwa mimi."

Udongo ulikuwa umefika pajani.

"Mimi!" Swabir akalia. "Mwache mtoto, hajakukosea. Chukua mimi!"

Mama Kadzo akamziba mdomo, lakini alikuwa amekwisha kusema. "Pole, mwanangu," akanong'ona. "Twende hivi sasa. Tutamchinjia mbuzi, tutamwomba. Huenda akaridhika."

Swabir hakumwomba mtu ruhusa. Aliingia pangoni, akakitwaa kigango begani, wakapanda pikapu ya kukodi hadi Kinango. Wazee wa ukoo wa marehemu wakakitambua. Mmoja alilia waziwazi. Wakamwonyesha kaburi. Mbuzi akachinjwa, tembo likamwagwa, Swabir akapiga magoti akaomba msamaha kwa jina la babu yake, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kigango kilipoingia ardhini, upepo ulitulia.

Simu ikalia.

"Baba Yusra!" Fauzia alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Amekaa! Mchwa wamekauka wote, wameanguka! Ameomba uji!"

"Alhamdulillah," Swabir akasema, machozi yakimtiririka. "Alhamdulillah. Nakuja sasa hivi."

Akageuka kuelekea garini. Yaani, alitaka kugeuka. Mguu wa kulia haukuinuka, akajaribu wa kushoto, nao ulikuwa umeshika ardhi kwa uzito asioujua, na ugumu ule ukapanda magotini, kiunoni, ukafika kifuani bila maumivu yoyote. Alimtazama Mama Kadzo. Mama Kadzo alijifunika uso kwa kanga.

"Basi zungumza naye, anakutaka," Fauzia alikuwa akisema, na sauti ndogo ikaingia simuni.

"Baba? Mimi nimepona. Unakuja?"

Swabir alitaka kumjibu, lakini midomo ilikuwa imekwisha kuwa mti. Mtoto akauliza tena.