Ntim na Wimbo wa Kinu

Kila jioni, Konadu akishavua sare ya shule, kazi yake ilikuwa kumfundisha kuongea mdogo wake, Ntim. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na maneno machache mno. Mama alikuwa amesema wazi kwamba asipoweza kutaja jina lake ifikapo muhula mpya, atasubiri mwaka mwingine kuingia chekechea. Konadu hakutaka hata kulisikia hilo. Mwaka mwingine wa kulea ulikuwa mwaka mwingine wa kuwatazama wenzake wakicheza bila yeye.

Basi alifundisha kwa ukali. "Sema ndizi!" aliamuru, akimsogezea ndizi hadi puani.

Ntim aliitazama ndizi, akamtazama dada yake, kisha akaangua kilio.

"Mwalimu gani huyu? Somo halijaanza, mwanafunzi analia!" rafiki yake Pokuaa alimtania kutoka upande wa pili wa ua. "Si umpe tu ale!"

"Nyamaza wewe! Mdogo wako anaongea kama redio, utajua nini?"

Ntim alitoroka, akaenda kuchuchumaa karibu na kinu. Mama alikuwa akitwanga fufu, mihogo iliyochemshwa na kupondwa hadi iwe donge laini, na Nana, bibi yao, akiligeuza donge kwa mkono kati ya pigo na pigo. Ili mchi usimponde vidole, Nana alikuwa akiimba:

"Mchi juu, mkono geuza!
Mchi chini, mkono ngoja!"

Konadu alimfuata Ntim, akamshika mkono. "Twende, hujamaliza somo."

Ntim aligoma. Mara Nana akapaliwa na mate, wimbo ukakatika. "Mchi juu, mkono..."

"Geuza!" alisema Ntim.

Mama alisimama na mchi wake hewani. "Nani kasema?" aliuliza, ingawa alijua.

"Konadu, mwachie mkono huyo," Nana alisema akicheka na kukohoa. "Kila siku unamfukuza hapa, kumbe darasa lake ndilo hili!"

Konadu aliona haya, lakini furaha ilizidi haya. Tangu siku ile aliacha kuamuru. Alitunga vijiwimbo vya kuoga, vya kula na vya kuvaa viatu, na kila mstari aliukata kabla ya neno la mwisho. Siku nyingine Ntim alijibu, siku nyingine alicheka tu. Pole pole maneno yakaongezeka, hata yale ambayo hayakuwa kwenye wimbo wowote.

Siku ya kuandikishwa, mwalimu wa chekechea, Madam Achiaa, aliinama mbele ya Ntim. "Jina lako nani, bwana mkubwa?"

Ntim alitazama sakafu. Ulimi ulimwasha Konadu amwambie, "Sema!" Akajizuia. Akapiga makofi taratibu, akaimba, "Dada ni Konadu, mdogo ni..."

Ntim aliendelea kutazama sakafu. Konadu aliogopa kweli kweli, lakini hakuacha kupiga makofi.

"Ntim!"

Madam Achiaa alicheka, akamwandika. Kisha akamgeukia Konadu. "Umefanya kazi nzuri, binti yangu. Mtoto mdogo akiimbiwa, husikia vizuri sauti za maneno, huyakumbuka, na hujifunza kungoja zamu yake. Ukimfokea, atasikia ukali tu. Ukimwimbia, unamwachia nafasi ya kujibu. Sasa mwimbie kila siku, tena uzungumze naye, na pia..."

Ntim alimvuta mwalimu sketi.

"Madam," alisema, "imba!"