Mama Aling'ata Mahindi, Mimi Nikamcheka

Nina miaka thelathini na mmoja, naishi chumba kimoja hapa Kawangware, na nikisikia harufu ya githeri ikichemka kwa jirani nafunga dirisha. Si ati sipendi githeri. Githeri ndiyo iliyonisomesha! Nafunga kwa sababu najionea kinyaa... na leo nitawaambia kwa nini, hata kama mkimaliza kusoma mtanilaani.

Mama yangu, mtu wa Kitui, aliuza githeri, yale mahindi ya kuchemshwa na maharagwe, na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pale Kianda, Kibera, tangu mimi sijaota meno. Wateja wake walikuwa mafundi, watoto wa shule, na wamama waliorudi kazini wamechoka kupika. Baba alituacha mapema. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na sufuria zake.

Babu, baba yake mama, alikufa kwa kula mahindi yaliyoshika ukungu. Ukungu huo huacha sumu, sisi tuliosoma tunaiita sumu kuvu, nayo hula ini la mtu polepole. Mama alinisimulia kifo hicho mara nyingi nikiwa mdogo. Ndicho kilichonifanya nisomee uhandisi wa kilimo, nikamaliza digrii ya kwanza, nikaingia ya pili. Nilitaka kutengeneza mashine ya kukausha mahindi ambayo hata mama wa sokoni angeweza kuitumia. Nia nzuri, sivyo? Ngojeni.

Fundi mmoja wa jua kali hapa Kawangware alinichomelea pipa kubwa la chuma. Chini kulikuwa na jiko la makaa, pembeni feni ya stima ya kusukuma hewa moto ipande katikati ya mahindi. Nikalipeleka Kianda nyuma ya chumba cha mama. Yeye na wamama wenzake wa chama chao cha kuchangiana walikuwa wameagiza mahindi kutoka Kitui, na mvua ilikuwa imeyakuta shambani. Yalifika mabichi, mazito. Yakawa ndiyo utafiti wangu.

Mahindi ya wenzake yalikauka vizuri kabisa. Mama alikataa yake yatangulie. Alisema watu wa nje kwanza, sisi wa nyumbani tutamalizia. Basi ya kwake yakawa ya mwisho... na siku tuliyoyamimina kwenye pipa, stima ikapotea Kianda nzima. Siku nne!

Feni ikalala. Na mimi nilikuwa nimebakiwa na siku tatu kupeleka tasnifu chuoni, la sivyo ningengoja mwaka mwingine mzima. Mngefanya nini? Mtu mwenye haya angengoja. Mimi nilipika data.

Ndivyo tunavyosema chuoni, kupika data. Katika pipa lile, mahindi ya chini karibu na moto hukauka mapema, ya juu hubaki na maji. Nilijua hivyo, niliandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe! Lakini nilichota punje za chini kabisa, nikazitia kwenye kifaa cha kupima unyevu. Kikasoma asilimia kumi na tatu, kipimo cha mahindi yaliyokauka. Nikaandika pipa zima ni kumi na tatu. Vipimo vya siku za giza nilijaza tu kutoka kichwani, nikinywa chai.

Wakati wa kuyatia kwenye magunia, mama alichukua punje moja ya juu akaing'ata kwa jino la pembeni, kama alivyofanya maisha yake yote. Akatafuna kidogo, akaitoa, akaitazama.

"Mwende, haya hayajakauka. Punje haipasuki, inapondeka tu."

Wamama wa chama walikuwa wamesimama pale wote. Badala ya kusema ukweli nikacheka! Nikainua kile kifaa nikawaonyesha namba. "Mama, hilo jino si mashine bana. Soma hapa. Kumi na tatu!"

Wamama wakacheka pia. Mama naye akacheka, akafunika mdomo kwa leso, akawaambia, "Wacheni, mwanangu ni injinia. Mimi ni mtu wa sufuria tu." Alisema hivyo kwa fahari, wasomaji. Akafunga magunia yake matatu akayapanga chini ya kitanda chake.

Shetani mimi.

Wiki chache baadaye, nikijiandaa kusimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu yangu, mama alipiga simu. Alisema mahindi yananuka, na mengine yana rangi ya kijani. Nilijua papo hapo ni ukungu, nakubali. Lakini ningesemaje kwamba mashine ninayoenda kuisifu imeozesha mahindi ya mama mzazi? Nikamwambia ayaoshe, ayaanike juani, ayachemshe sana, yatakuwa sawa. Sura ya pili ya tasnifu yangu inasema wazi kwamba moto wa jiko hauiondoi sumu ya ukungu! Niliiandika mimi! Nikakata simu nikaendelea na kazi yangu.

Nilipita. Mzee mmoja kwenye jopo alinishika mkono, akasema matokeo yangu yamenyooka sana. Nilirudi Kawangware nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Mama hakuwauzia wateja yale mahindi. Alinunua mengine ya biashara. Lakini kutupa chakula hakuweza, hajawahi kuweza. Akawa anaosha kidogo kidogo, anapika, anakula mwenyewe. Asubuhi githeri, jioni muthokoi. Mimi sikwenda Kianda kumwona. Nilikuwa mtu wa shughuli, nikitafuta kazi na suti mpya...

Siku niliyokwenda, nilikuta macho yake ni ya manjano na tumbo limevimba. Woi, mama yangu! Tulimweka kwenye boda boda katikati yangu na dereva, tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema ini limeharibika vibaya. Akauliza amekuwa akila nini.

Mama alinitazama. Macho yale ya manjano yalinitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia daktari akasema, "Chakula cha kawaida tu, daktari."

Na mimi nikanyamaza! Ningesema neno moja tu, mahindi. Sikusema. Nilitazama viatu vyangu. Hadi leo sijui kama neno hilo lingemwokoa, na sitajua.

Hakumaliza wiki. Tulimzika Kitui karibu na babake. Mnaelewa? Karibu na babake.

Na mahafali nilienda! Nilivaa joho, jina langu likasomwa, nikapiga picha na maua.

Ningenyamaza hadi kaburini, lakini msimu huu wamama wa chama walinifuata hapa Kawangware. Aliyewaongoza ni Mama Syombua, jirani wa mama ukuta kwa ukuta. Waliniomba nirudishe lile pipa Kianda niwakaushie mahindi tena, kwa kumbukumbu ya mama. Walikuwa wameniletea mayai. Nilishindwa. Niliwaambia yote, tangu stima ilipopotea hadi kwa daktari.

Mama Syombua aliinuka akatema mate sakafuni, karibu na miguu yangu. Kisha akaniambia jambo ambalo nalisikia kila nikilala. Alisema yeye mwenyewe aliyanusa yale mahindi, akamwambia mama ayamwage mtaroni. Mama akamjibu, "Hata pua yangu inayakataa. Lakini Mwende ndiye amesoma."

Wakaondoka. Mayai waliyachukua.

Wewe uliye chuoni unayesoma haya, na mbele yako kuna jedwali lenye nafasi tupu, nakusihi liache tupu! Rudia mwaka. Aibika mbele ya maprofesa. Mwambie mama yako kazi imeharibika. Namba unayojaza ukinywa chai kuna mtu mahali ataila, na huenda ni yule anayekuamini kuliko pua yake.

Nimekiandikia chuo barua nikieleza kila kitu. Cheti nimekitia humo humo ndani ya bahasha, sikitaki nyumbani kwangu. Pipa nimelirudisha kwa fundi alikate vipande. Kwenye meza yangu kumebaki kikopo cha mahindi niliyochota kwenye gunia la mwisho chini ya kitanda cha mama, yamefungwa vizuri, ya kijani. Kila asubuhi nakifungua, nanusa, nafunga.