Usiku Mwajabu Alipoonja Divai

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu zangu. Zimeni hiyo redio. Na wewe Noela, chupa yako ya divai iache kwanza, usiifungue. Nyamazeni... nyamazeni mpaka msikie pumzi zenu wenyewe. Mnazisikia? Haya.

Ni habari ya dada yangu Yuliana, bibi yenu mkubwa tuliyemzika mwaka jana. Ilikuwa enzi za ruksa, mwaka ule wa mgao wa umeme. Yuliana alikuwa fundi wa nguo Tabata, kibaraza kimoja na shoga yake Mwajabu, Mzaramo wa watu. Huyu anakata, yule anashona. Miaka tisa, hawajawahi kununiana mpaka jua likazama.

Jioni moja walipeleka gauni la harusi Ubungo. Wanarudi, magharibi inaingia, Mwajabu akasimama mbele ya baa.

"Shoga, leo nionjeshe hiyo divai yenu."

Yuliana akacheka. "Wewe? Unayekunja pua hata kwa siki? Abdulrahman analeta posa Ijumaa, akisikia je?"

"Ndiyo maana nataka. Mie sitanii."

Yuliana akadhani ni furaha ya posa. Waume wawili walishamkimbia Mwajabu. Wa pili, Kondo, alitoka mbio usiku wa saba wa ndoa bila viatu, na hakusema alichokiona. Acha mwenzangu afurahi, akawaza. Akaagiza chupa nyekundu ya Dodoma.

"Usiibugie kama uji. Iache ikae mdomoni kwanza."

Mwajabu akavua pete yake ya fedha, ile asiyoivua hata akikanda unga. "Nishikie." Yuliana, kwa kuogopa isipotee, akaitia kidoleni.

Mwajabu akanywa. Akafumba macho. "Chungu hivi! Hiki ndicho mnachokipigia magoti?"

Wakacheka mpaka machozi. Glasi ya pili, Mwajabu akainama, akanong'ona.

"Yuli, mie nina ruhani. Bibi alinifungisha naye ndoa nina miaka saba, homa ilikuwa imeshanimaliza. Pete ni yake. Waume zangu ni yeye aliyewafukuza. Anapenda marashi, pombe hawezi kuivumilia. Akiinusa kinywani mwangu ataondoka, na mie niolewe kama wenzangu."

"Mwajabu! Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa?"

Hapo ndipo ilipokuja harufu.

Marashi.

Marashi ya waridi, mazito, katikati ya moshi wa nyama choma. Karabai ikafifia... sss... sss... Na kwenye kiti cha tatu kulikuwa na mtu. Kanzu nyeupe. Miguu mitupu, haina chembe ya vumbi. Hakuwa na hasira. Yuliana alisema mpaka anakufa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Mwajabu," akanong'ona. "Miaka ishirini na miwili nakupumulia."

Mwajabu akatazama mbele tu, kama hasikii.

Yule mtu akakitazama kidole cha Yuliana.

"Na wewe umeipokea."

Karabai ikawaka. Kiti kitupu.

"Ameondoka!" Mwajabu akamkumbatia. "Shoga, nimekuwa mwepesi!"

Wakatembea kurudi wameshikana mikono. Karibu na nyumbani, mkono wa Mwajabu ukaanza kupoa. Akakaa kizingitini.

"Yuli... mbona nasahau kuvuta pumzi?"

"Unasahau vipi?"

"Nisipojikumbusha, haiji."

Yuliana akaivamia ile pete. Sabuni. Mafuta ya nazi. Meno. Haikutoka. Jirani yao Romani akakimbilia barabarani kutafuta gari, akakosa. Yuliana akamlaza mwenzake mapajani, akawa anamkumbusha.

"Vuta, shoga. Toa. Vuta. Toa."

Saa nne. Saa saba. Saa tisa.

"Usinisinzie, Yuli."

"Sisinzii. Vuta. Toa. Vuta. To..."

Adhana ya alfajiri ndiyo iliyomshtua. Kibaraza kizima, ilisikika pumzi moja tu.

Yake.

Sijui kama ruhani alilipiza kisasi, au kweli ndiye aliyekuwa amemshikilia yule binti siku zote. Dada naye hakujua. Alichojua ni kwamba alisinzia. Usiku, miaka yote hiyo, tulikuwa tunamsikia chumbani kwake: vuta, shoga... toa... Na divai hakuigusa tena, hata altareni.

Cherehani alirithi Naima, mdogo wake Mwajabu. Kanga nyeupe alizokuwa akimvalia ruhani kila Ijumaa, kaka yao Shomari alizichoma moto. Abdulrahman alikuja na posa yake akakuta tanga, akaondoka na mkasi wa Mwajabu, basi, hakutaka kingine. Dada yangu alibaki na pete, na kifua ambacho hakikukohoa hata siku moja. Tulipomwosha mwaka jana, pete ikateleza yenyewe, ikalia kwenye beseni. Akaiokota mjukuu wake mwenye pumu, tuliyekuwa tukikesha naye tukimsikiliza akikoroma kifuani kama paka. Tangu siku ile, analala kimya.

Noela, mama, usiufiche mkono.

Hiyo harufu mnayoisikia si yangu. Mie sipaki marashi.

Chupa itoe nje, mjukuu wangu. Taratibu... isije ikamwagika.