Bomba Lililozuia Mlango wa Bibi Katriena

Mwaka 2013, mwishoni mwa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki ulivuma siku tisa mfululizo katika mtaa wetu, juu ya Ghuba ya Mossel. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Rozelle Fortuin alifagia jikoni kwa bibi yake, akafungua mlango wa nyuma, kisha akauzuia usijibamize kwa bomba jeusi lililofungwa kipande cha mnyororo.

Bomba hilo aliliokota ufukweni baada ya dhoruba. Kwetu, kitu kilichotupwa na bahari ni cha aliyekiona kwanza, ila kikiwa na jina la mwenyewe hurudishwa.

"Halina jina la mtu?" Bibi Katriena alikuwa ameuliza siku ile.

"Halina, Bibi," alijibu Rozelle. Kibandiko chenye jina na nambari 114 alikuwa amekwisha kukibandua na kukificha katika daftari lake la hesabu.

Alhamisi moja, mtafiti Zukiswa Ntame alifika darasani akiwa na taya la papa mweupe mchanga. Wanafunzi walilizunguka.

"Anti, papa hawa wanaishi na mama yao?" aliuliza Rozelle.

"La. Mama huzaa, akaenda zake. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu kama wako, tena anajua kuwinda."

"Kumbe hata wa kumwambia anawe uso hana!" alidakia Denver, mwanafunzi mwenzake, na darasa zima likacheka.

"Anakula watu?" Rozelle aliuliza tena.

"Anakula samaki. Tazama meno yake yalivyo membamba. Akikua yatapanuka, ndipo atakapowinda wanyama wakubwa wa baharini kama sili."

"Mnajuaje kuwa wako hapa kwetu?"

Zukiswa alionyesha picha ya bomba jeusi. "Baadhi ya papa tumewafunga vidude vinavyotoa mlio. Chombo hiki kilikaa chini ya maji miezi kumi, kikisikiliza na kuandika ni nani aliyepita na saa ngapi. Dhoruba ilikichukua. Kesho kuna kikao, kwani mwenye meli mmoja ameomba kutega nyavu hapo mbele, mahali papa hao wanapokulia. Wakinaswa watakufa. Nami bila chombo nambari 114 sina ushahidi."

Masikio ya Rozelle yaliwaka moto.

Alipofika nyumbani alichuchumaa mlangoni, akaliwekea bomba sikio. Lilikuwa kimya. Akaenda kwa bibi yake, kibandiko mkononi.

"Bibi, nilikudanganya. Lilikuwa na jina. Nilitaka liwe langu."

Bibi Katriena alikisoma kibandiko polepole. "Nami nimewaambia majirani wote kuwa halina mwenyewe. Umenifanya mwongo uzeeni. Vaa viatu."

Nyuma yao mlango ulijibamiza kwa kishindo. Walipofika na bomba kwa Zukiswa, Bibi alisimama kando ili mjukuu wake aseme mwenyewe. Rozelle alisema yote, pamoja na habari ya kibandiko.

Zukiswa hakumkaripia. Aliliunganisha bomba na kompyuta, na safu za nambari zikaanza kushuka.

"Papa kumi na mmoja!" alisema. "Huyu amepita mara mia mbili na sita."

Rozelle alisogea. "Jumapili ile kabla ya dhoruba, saa nne asubuhi… mimi nilikuwa naogelea!"

"Basi mlipishana bila kusalimiana."

Hata Bibi alitabasamu.

Ijumaa jioni habari zilienea mtaani kwamba kikao kimekataza kutega nyavu mahali pale. Bibi Katriena alimwita Rozelle jikoni.

"Uliona kibandiko kidogo, ukadhani uongo wako nao ni mdogo," alisema. "Uongo hauulizi utamdhuru nani, huu ulikuwa ukielekea kwa viumbe usiowajua. Umesema kweli kabla ya kikao, ndiyo maana imefaa. Ungesema leo usiku, isingemsaidia yeyote. Sasa, mlango wangu ulizuiwa kwa mali ya mtu. Imerudishwa kwa mwenyewe, nao mlango hauna kizuizi. Nimdai nani kizuizi kingine?"

"Unanidai mimi, Bibi."

Rozelle alishuka ufukweni. Alirudi akihema, amekumbatia jiwe la mviringo kwa mikono miwili.

"Lina jina?" aliuliza Bibi.

"Halina, Bibi. Nimeligeuza pande zote."

Akaliweka chini. Upepo uliusukuma mlango, nao haukutikisika.