Kanda za Kijiji cha Lorraine

Tunakaa Rockville. Mume wangu Gregori anafanya kazi mjini, kwenye maktaba ya sauti za zamani. Anahamisha kanda kwenda kwenye kompyuta. Jumamosi moja ya Julai nilikuwa napika ndizi. Jirani yetu Lorraine alikuwa mezani, ananimenyea vitunguu. Lorraine ni Mpueblo, wa watu waliokuwa nchi hii kabla ya Wazungu kuja, na kwao ni kijiji kimoja cha New Mexico.

Gregori akaingia na simu. "Lorraine, nimekuletea zawadi. Sikiliza."

Ikatoka sauti ya mzee, anasimulia taratibu. Lorraine akaweka kisu chini.

"Zima."

"Si lugha ya kwenu hii?"

"Ni ya kwetu. Na hadithi hiyo husimuliwa majira ya baridi tu. Umeipata wapi?"

Gregori akaeleza. Mtafiti mmoja alimrekodi mzee huyo zamani. Jumatatu ofisi ingeweka kanda zote mtandaoni, kila mtu asikilize.

"Kijiji kimeulizwa?"

Gregori akatikisa kichwa. Mimi nikashika kiuno.

"Baba Anna, bibi yangu kule Bukoba hakukubali kusimulia hadithi mchana, na wewe unajua. Ya kwetu unayaheshimu, ya wenzio unayachezea jikoni?"

"Watoto wetu wanajifunza lugha hii kwa shida," Lorraine akasema. "Wazee wanaoijua wamebaki wachache. Tuliomba nakala, tukaambiwa tusubiri. Leo dunia nzima ipewe kabla yetu?"

Jamani! Mali ya mtu unamfungia mlango, kisha unaigawa barabarani. Nilikasirika mpaka ndizi zikaungua.

"Tufanye nini?" Gregori akauliza. Aibu ilimjaa.

"Kiulizeni kijiji kwanza," Lorraine akamjibu. " Ruhusa ya mtafiti haitoshi. Kwetu viongozi wa kijiji ndio huamua nini kisikike, na nani, na lini. Kisha turudishieni nakala."

Jumatatu Gregori alimwambia bosi wake, Cheryl, kwamba hataposti kanda zile. Cheryl akanuna. "Kila kitu kiko tayari."

"Isipokuwa ruhusa," Gregori akajibu.

Lorraine naye alipiga simu kijijini. Viongozi wakaiandikia ofisi, na ofisi ikasimamisha kazi. Baadaye nakala zikapelekwa kijijini. Kanda nyingine zinatumika darasani. Nyingine zimefungwa. Hatukuambiwa kwa nini, wala haituhusu.

Desemba, Lorraine alipigiwa simu akiwa kwetu. Alikuwa mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa darasa lile. Binti akaongea lugha yao, akaongea sana, Lorraine anamjibu huku anafuta machozi.

Gregori akaninong'oneza, "Anasema nini?"

"Wakitaka tujue, watatuambia," nikamjibu.