Bati za Mjomba Ziliponinyima Chuo Marekani

Nina miaka thelathini na mitatu, nauza nazi Mchinga, na magoti yangu ni mazima. Nayataja magoti kwa sababu kila anayenijua hudhani niliacha mpira kwa kuumia. Sikuumia, wasomaji wenzangu... Niliponzwa na sifa!

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, wazungu waliniona kwenye mashindano ya vijana Dar es Salaam, wakanipeleka Ubelgiji kwenye shule ya mpira ya klabu moja. Nilipewa kitanda, chakula, viatu na nauli ya basi. Mshahara? Sikuuona hata siku moja! Nilipotimiza miaka kumi na tisa wakaniambia sitapandishwa timu ya wakubwa. Nililia mpaka kocha akanihurumia, akanitafutia chuo Marekani. Ningesoma bure na kuichezea timu yao. Mimi, mtoto wa mama muuza vitumbua!

Lakini vyuo vya kule vilikuwa na sharti gumu: aliyewahi kulipwa kwa kucheza mpira hapokelewi. Chuo kikamwomba Mmarekani mmoja aliyekuwa akifundisha Lindi aende kwetu kuuliza.

Kwetu mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mjomba Bakari, kaka yake mama, alimpokea mgeni kama mtu aliyeleta posa... Aliita wazee, akachinja kuku, akaninadi kama bwana harusi. Mgeni akauliza kama nimewahi kulipwa kwa kucheza. Mjomba akacheka, akanyoosha kidole juu.

"Mpwa wangu? Analipwa sana! Bati hizi unazoziona ni jasho la miguu yake."

Bati zilikuwa za korosho zake! Biashara ya korosho ilikuwa imeachwa huria, wanunuzi binafsi wameingia, naye aliuza vizuri mwaka ule. Mama alijaribu kusema, akanyamazishwa mbele ya mgeni.

Chuo kikanikataa. Nilipiga simu nikiapa na kulia. Wakanijibu kwamba kama ni uongo, mlezi wangu amwambie hivyo mgeni yuleyule. Sentensi moja tu, jamani! Dada yangu Somoe akaenda kumpigia mjomba magoti.

"Shikamoo mjomba. Nakuomba useme ukweli, kaka apate kusoma."

"Marahaba. Nilisema mbele ya wazee, Somoe. Leo nijiite mwongo kwa ajili ya mpira?"

Alikataa katakata. Nafasi yangu akapewa mwingine, nami nikarudishwa Tanzania na begi la viatu. Mama hakusema tena na kaka yake mpaka mama alipofariki... Siku ya mazishi mjomba alilia kuliko sisi sote. Nilimtazama nikashindwa hata kumpa mkono.

Mpaka leo, mgeni akifika, mjomba huonyesha zile bati zilizoota kutu na kusema ni za miguu yangu. Nami huwa nimekaa palepale, nafua nazi! Nadhani sasa anaamini mwenyewe. Je, mzee kama huyo utamfanya nini?

Nawasihi wajomba na wazazi, mkiulizwa habari za mtoto wenu, msimpambe. Na ukishateleza, meza aibu yako, rudi useme: nilidanganya. Ni neno moja tu. Mimi bado nalisubiri.